Funua Shavu Kabla ya Kununua

Wahenga walitwambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nimeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wameandika insha nyingi juu yake, lakini naona walioitunga hawakupata kupita Kariakoo siku ya Jumamosi. Kariakoo kila kitu chajitembeza. Kizuri kinatembezwa, kibaya kinatembezwa, na kile ambacho si kizuri wala si kibaya, bali hakikufai wewe, ndicho kinachotembezwa kwa sauti kubwa kuliko vyote. Mnunuzi aliyekwenda na methali peke yake mfukoni atarudi nyumbani na methali hiyo hiyo, ila fedha hana.

Nataka kuzungumzia kompyuta ndogo za bei nafuu. Najua hili si jambo ambalo watu wa rika langu hulipa nafasi katika vitabu. Sisi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini kitu kinachonunuliwa kwa akiba ya mwaka mzima kinastahili uhakiki sawasawa na kitabu, na yamkini zaidi, maana kitabu kibaya hupoteza jioni moja tu, ilhali chombo kibaya hupoteza muhula mzima wa mtoto wa watu.

Mdogo wangu wa kike anakaanga samaki pale Feri. Anaishi Kigamboni, kila alfajiri huvuka kwa pantoni, hununua mnadani, na kufikia saa nne asubuhi karai lake limekwisha chemka. Binti yake, mpwa wangu, alipata nafasi ya kusoma stashahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha hapa mjini. Barua ya chuo ilitaja mahitaji, na miongoni mwake ilikuwamo kompyuta mpakato. Mama yake alisubiri hadi kikundi chao cha VICOBA kilipogawana, kisha akaja kwangu na shilingi 450,000 zimefungwa katika pindo la khanga.

"Kaka," akasema, "wewe ndiye uliyesoma. Nitafutie kitu kidogo, cha bei ndogo, mtoto asiteseke kubeba. Ila usinipotezee hela. Hawa ni samaki wa mwaka mzima."

Nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu nilikuwa na deni la zamani ambalo yeye hakulijua.

Mwaka 2010 nilimnunulia mwanangu wa kwanza kijikompyuta kipya katika duka moja la katikati ya jiji. Jina la duka na jina la kampuni havina maana hapa, kwani kosa lilikuwa langu. Msomaji huenda anazikumbuka kompyuta zile. Zilianza mwishoni mwa mwaka 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC 701 yenye skrini ya inchi 7 na ghala la ndani la gigabaiti 4 tu. Watu waliipenda kwa udogo na kwa bei. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ikatoa prosesa ndogo iitwayo Atom, na punde si punde kila kiwanda kikawa na mtoto wake: Acer Aspire One, Dell Inspiron Mini, HP Mini, MSI Wind, Samsung NC10. Hapa kwetu ziliingia wakati watu wakiwa na kiu, kwa kuwa mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulifunguliwa Dar es Salaam na kila mzazi akaanza kusikia neno intaneti mezani kwake.

Ukizipanga kompyuta zile kwenye meza moja ungezikuta ni ndugu wa tumbo moja. Nyingi zilikuwa na prosesa ile ile ya Atom, kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti moja, na skrini ya nukta 1024 kwa 600. Walioandika juu yake walibishana kuhusu rangi na uzito, lakini tofauti zenye uzito zilikuwa mbili tu, kibodi na betri, na ndiyo sababu Samsung NC10 ilisifiwa sana: vitufe vyake vilikaribia ukubwa wa kawaida na betri yake ilidumu. Mimi sikuuliza kibodi wala betri. Niliuliza bei, nikainyanyua kwa mkono mmoja, nikaona ni nyepesi, nikalipa. Nilijiona mjanja.

Mwanangu alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, anaandika utafiti wake. Nukta 600 kwenda chini ni fupi mno. Baadhi ya programu zilifungua visanduku virefu kuliko skrini yenyewe, na kitufe cha kukubali kikabaki chini, mahali pasipoonekana. Akifungua kitabu kimoja, jedwali moja na ukurasa mmoja wa intaneti kwa pamoja, mashine ilikaa kufikiri kama mzee aliyeulizwa jina la mjukuu wa ishirini. Nikimkuta amekaa mbele yake ameshika tama, nilimwita mvivu. Nilimwita hivyo mara nyingi. Miaka kadhaa baadaye ndipo aliponieleza kwamba sura mbili za mwisho alizichapa usiku katika duka la vifaa vya ofisi, akilipia kwa saa, kwa fedha aliyokuwa akijinyima chakula cha mchana. Nilipopiga hesabu, fedha niliyojivunia kuiokoa dukani yeye aliilipa mara ya pili kwa njaa yake. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 Asus na Acer zilikuwa zinaacha kuzitengeneza kompyuta zile, na ulimwengu ukazisahau. Mimi sikuzisahau.

Basi nilipopokea fundo lile la khanga, nilijiapiza kwamba safari hii nitahakiki kabla ya kununua. Nikamwambia mdogo wangu kwamba tutakwenda wote watatu. Alishangaa, akasema yeye hajui kompyuta. Nikamwambia anajua kununua.

Ndugu msomaji, hapo sikuwa namfariji. Nenda Feri asubuhi umtazame mwanamke aliyekaanga samaki kwa miaka kumi na tano anavyonunua. Hamsikilizi dalali. Anaangalia jicho, kama limetuna na kung'aa au limezama na kuingia ukungu. Anabonyeza nyama aone kama inarudi. Kisha anafunua shavu: likiwa jekundu anaendelea na mazungumzo, likiwa la kahawia anaondoka bila kueleza sababu. Hayo yote humchukua muda mfupi kuliko muda wa mimi kuvaa miwani. Ninachotaka kusema ni kwamba elimu ya kununua anayo. Kinachomkwamisha mbele ya kompyuta ni hofu tu, na hofu hiyo tunayo wengi. Tulikulia katika nchi ambayo mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa katika miaka ya 1980. Wengi wetu tulizeeka kabla ya kuigusa. Tunaipokea kama mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa haulizwi maswali.

Tulitoka Feri kwa miguu, tukapita Mnara wa Saa, tukaishika barabara ya Uhuru hadi Mnazi Mmoja, na tukaingia Kariakoo. Kabla hatujafika Msimbazi winga mmoja alikwisha tupokea.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Laptopu siyo? Njooni niwapeleke kwa bosi, bei ya jumla kabisa."

Hatukumfuata wa kwanza, wala wa pili. Lakini katika maduka matano tuliyoingia siku ile, mengine yakiwa ghorofani ambako hata kibao hakuna, tuliyoonyeshwa yalikuwa karibu yale yale. Nikiyapunguza majina, kompyuta ndogo za mtumba zilizokuwa zikiuzwa kwa fedha tuliyokuwa nayo au chini yake zilikuwa za aina tatu.

Aina ya kwanza ni Chromebook za inchi 11.6, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya shule za Marekani na kwingineko. Aina ya pili ni kompyuta ndogo za nyumbani zenye Windows, mfano wake mzuri HP Stream 11, ambayo ilipotoka mwaka 2014 iliuzwa Marekani kwa dola 199. Aina ya tatu ni kompyuta za maofisa za inchi 12.5: Lenovo ThinkPad X260 na X270, HP EliteBook 820, Dell Latitude E7270. Kwa jicho la mpita njia zote tatu ni ndogo, zote za bei nafuu, na zote muuzaji atakwambia "hii ndiyo ya mwanafunzi".

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Neno "ndogo" linatudanganya. Udogo ni wa namna tatu. Kuna udogo wa mtoto: chombo kimefanywa kidogo kwa sababu atakayekitumia ni mdogo na kazi yake ni ndogo. Kuna udogo wa bei: chombo kimefanywa kidogo kwa sababu kila kilichomo ndani kimepunguzwa ili kiuzwe rahisi. Na kuna udogo wa safari: chombo kimefanywa kidogo kwa sababu mwenyewe anasafiri sana, naye alikuwa tayari kulipa zaidi ili apate nguvu ile ile katika mkoba mwembamba. ThinkPad X270 ilipotoka mwaka 2017 bei yake ilianzia zaidi ya dola 900. Kosa langu la mwaka 2010 lilikuwa kuona udogo wa bei na kudhani ni udogo wa safari.

Tuanze na Chromebook, na tuitendee haki. Ina sifa ambazo waibezao hawazitaji. Imejengwa ivumilie watoto: nyingi zina kingo za mpira na kibodi isiyokufa kwa tone la maji. Haina programu nyingi za kuibeba, hivyo hata prosesa dhaifu inaiendesha vizuri, na betri yake hukaa. Kwa mtu anayeandika barua, anayesoma na kutumia intaneti yenye uhakika, si chombo cha kudharau. Udhaifu wake ni kwamba ina tarehe ya mwisho. Kila Chromebook hupangiwa tarehe ambayo Google itaacha kuipelekea masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kurefusha muda huo hadi miaka kumi, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya kompyuta ilipotolewa, wala haihesabiwi tangu siku uliyoinunua wewe Kariakoo. Fauka ya hayo, nyingine huja zikiwa bado zimefungwa kwenye usimamizi wa shule zilikotoka. Ukiiwasha na kuifuta yote, inarudi kudai anwani ya shule iliyo ng'ambo ya bahari. Na kwa mpwa wangu lilikuwepo jambo la tatu, ambalo ndilo lililokata mzizi wa fitina: mwanafunzi wa uhasibu katika jiji hili atakutana na Tally, na Tally ni programu ya Windows.

Aina ya pili ndiyo iliyokuwa inaivutia khanga ya mdogo wangu. Ni nyepesi, haina feni wala kelele, ina Windows kama ya ofisini, na bei tuliyotajiwa ilikuwa nusu ya fedha yake. Lakini ghala la ndani la Stream ya kwanza ni gigabaiti 32, limeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na kumbukumbu yake ya kazi ni gigabaiti 2. Windows yenyewe na masasisho yake hula sehemu kubwa ya ghala hilo. Likijaa, sasisho jipya halipati pa kukaa, na mashine isiyosasishwa hudhoofika kila mwezi. Windows 11 hudai ghala la gigabaiti 64 na kumbukumbu ya 4 kwa uchache, kwa hiyo mlango wa mbele umefungwa. Unaweza kuchomeka kadi ya kuwekea nyaraka, na hilo husaidia picha na vitabu, lakini Windows haitahamia huko. Muuzaji anaposema "utaongeza baadaye", muulize utaongeza wapi.

Nilikuwa nimeanza kumweleza mdogo wangu mambo haya kwa lugha ya ualimu, ndipo alipoinyanyua moja ya kompyuta zile ndogo, akaigeuza chali kama anavyogeuza changu, akamtazama kijana wa dukani.

"Mwanangu, mwenyewe kaiacha kwa nini?"

Kijana akacheka. "Mama, hizi zinatoka Ulaya na Marekani. Wenzetu wana hela, wanabadilisha tu."

"Mwenye hela naye hatupi samaki mbichi," mdogo wangu akajibu, akaiweka chini.

Nimesoma maandishi mengi ya kulinganisha kompyuta, yenye majedwali na nyota tano, lakini sijaona swali zuri kuliko hilo. Linganisho la kawaida huuliza kitu kina nini. Swali la muuza samaki linauliza kimefikaje hapa. Nililichukua nikalipitisha kwenye aina zote tatu, nalo likazipanga lenyewe.

Chromebook ya shule imeachwa kwa nini? Aghalabu kwa sababu tarehe yake imefika au imekaribia, na shule haiwezi kumpa mtoto mashine isiyolindwa. Maana yake mwenyewe ameiacha kwa sababu ile ile itakayokusumbua wewe. Kompyuta ya bei ndogo ya nyumbani imeachwa kwa nini? Aghalabu kwa sababu ilimchosha mwenyewe. Ilijaa, ilikuwa nzito wa kufikiri, akanunua nyingine. Hapa pia umerithi ugonjwa wake. Lakini kompyuta ya ofisa imeachwa kwa nini? Kampuni kubwa hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wake kila baada ya miaka mitatu, minne au mitano, zikiwa nzima au mbovu, kwa sababu mkataba wa kukodi umekwisha au dhamana ya kiwanda imekwisha. Hiyo haikuachwa kwa ugonjwa. Imeachwa kwa kalenda, na kalenda ya kampuni ya Ulaya haimhusu mtoto wa Kigamboni.

Naam, mara nyingi haimhusu. Nitarudi kwenye neno hilo, kwa kuwa mhakiki asiyetaja dosari za anachokipenda ni winga aliyevaa miwani.

Tukabaki na ndugu watatu wa inchi 12.5, nao wanafanana mno: uzito wa kilo moja na robo hivi hadi moja na nusu, prosesa za Intel za kizazi cha 6 au cha 7, ghala la SSD linalotolewa na kubadilishwa, kibodi ya ukubwa kamili. Tofauti zao ni za matumizi. EliteBook 820 G3 ya mwaka 2016 ni nyembamba na ya kupendeza, nayo ina nafasi mbili za kumbukumbu, hivyo unaweza kuongeza kidogo kidogo kadiri unavyopata. ThinkPad X270 ina nafasi moja tu. Ukitaka kuongeza unatoa iliyopo na kununua kubwa zaidi. Hapo HP inashinda. Lakini X270 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomolewa kwa vidole bila bisibisi. Katika jiji lililopitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023, na kwa binti ambaye atasomea mezani kwa mama yake sokoni hadi pantoni ya jioni, nililipa jambo hilo uzito mkubwa. Betri ya nyuma ikifa ananunua nyingine na kuichomeka mwenyewe. Ya EliteBook hiyo iko ndani, lazima ufungue kifuniko chote cha chini. Upande wa skrini X270 za bei ya chini hazina la kujivunia: nukta ni 1366 kwa 768, rangi zimepauka, na ukiitazama kwa pembeni picha inageuka. Latitude ilikuwa ya tatu kwetu kwa sababu tu zile tulizoziona siku hiyo zilikuwa zimechoka kuliko wenzake. Siku nyingine, duka jingine, ingeweza kuwa ya kwanza. Huo ndio ukweli wa mtumba: unanunua mmoja aliye mbele yako, hununui jina la ukoo.

Kwa hiyo tukafunua shavu. Niliandika katika kijitabu mambo ya kufanya na mpwa wangu akayafanya. Alifungua ukurasa mtupu akabonyeza kila kitufe, A hadi Z, namba zote, na vile vya pembeni ambavyo watu huvisahau. Alichomeka flashi katika kila tundu. Alitazama skrini ikiwa nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, kutafuta madoa. Alifungua na kufunga mfuniko akisikiliza bawaba. Aliiwasha tena na kuingia katika mipangilio ya mwanzo kabisa, kuhakikisha hakuna neno la siri lililoachwa na kampuni ya zamani, maana hilo likiwepo hakuna fundi wa karibu atakayekuhurumia. Mwisho aliandika amri ya powercfg /batteryreport, ambayo Windows huijibu kwa ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ya nyuma ilikuwa karibu nzima. Ya ndani ilikuwa imebaki theluthi mbili.

"Theluthi moja imekufa," nikamwambia kijana.

"Mzee, hiyo ni mtumba," akasema, na alikuwa na haki.

"Ndiyo, na bei nayo iwe ya mtumba," mdogo wangu akadakia, na hapo mimi nikanyamaza, kwa kuwa tulikuwa tumeingia katika nchi yake. Tulitajiwa 480,000. Baada ya kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili, ilisimama kwenye 420,000, pamoja na chaja, na karatasi yenye muhuri inayotupa mwezi mmoja wa kuirudisha ikiharibika. Ilikuwa X270 yenye prosesa ya Core i5, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na SSD ya 256. Shilingi 30,000 zilizobaki zilirudi kwenye pindo la khanga.

Sasa nirudi kwenye kalenda, kama nilivyoahidi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ikatoa nyongeza ya mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, huzipokea prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. X270 ni ya kizazi cha 6 au cha 7. Maana yake ile niliyoiita kalenda ya kampuni imetufuata hadi Kariakoo baada ya yote. Nililijua jambo hilo, na niliwaeleza wote wawili kabla ya kulipa. Mdogo mtu katika ukoo huo, X280 ya mwaka 2018, ina matoleo ya kizazi cha 8 na inakubaliwa, lakini kumbukumbu yake imegandishwa kwenye bodi, betri ya nyuma imeondolewa, na siku ile tuliambiwa bei iliyozidi fungu letu kwa mbali. Tungekopa. Mdogo wangu alikataa kukopa, akasema deni la kikundi halisubiri mtoto amalize chuo.

Hivyo basi hukumu yangu si ya kushangilia. Kwa fedha ile, kwa kazi ile, kwa miaka miwili ya stashahada, naiona X270 kuwa chaguo lenye madhara machache kuliko mengine. Anayeweza kuongeza fedha atafute kizazi cha 8 na aitazame kumbukumbu kabla ya kulipa, asije akafungiwa kwenye gigabaiti 4 maisha yote. Anayetaka kuandika na kusoma tu, na ambaye ameiona tarehe ya mwisho kwa macho yake, achukue Chromebook bila kuona haya. Kompyuta ya ghala la gigabaiti 32 simshauri mtu yeyote aliye masomoni, hata ikiwa bure, kwa kuwa bure hiyo italipwa na usiku wa mtoto.

Nilimpigia simu mwanangu jioni ile, siku hizi yuko Mwanza na watoto wake. Nilimweleza habari ya shavu la samaki, akacheka sana. Kisha nikamwambia kwamba mwaka 2010 hakuwa mvivu. Alinyamaza, akasema, "Mzee, hayo yamepita." Yamepita, lakini ilinibidi niyaseme.

Mwezi uliofuata nilishuka Feri kununua dagaa. Nilimkuta mpwa wangu ameketi kwenye benchi nyuma ya karai, kompyuta juu ya mapaja, ameiweka kanga chini yake isiungue wala isiingie mafuta. Alikuwa amejaza jedwali la mama yake: samaki, mafuta, mkaa, ushuru, nauli ya pantoni. Akanionyesha mstari wa pweza.

"Mjomba, angalia. Kila Jumatatu mama anauza pweza kwa hasara."

Mama yake alikuwa anageuza samaki, hakugeuka kututazama. "Najua," akasema. "Jumatatu wanakuja wale vijana wa bandarini, hawajalipwa. Hilo nalo liandike."

Binti alifikiri kidogo, akaongeza safu moja pembeni, na akaanza kuchapa.